Nilimpa afisa darasa la asili ya neno RAIA, akanirudisha kijijini kwa mzee niliyemkosea

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Hiki ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, sio stori ya jamaa wa rafiki yangu. Majina ya watu nimeyabadilisha. Ng'ombe tu ndio nimewaacha na majina yao, maana wao hawana akaunti humu.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka apite salama, sitanuna.

Mimi ni mzaliwa wa Mlali, wilaya ya Kongwa. Mama alikuwa Mgogo, bibi mzaa baba Mgogo, na mlenda nimeanza kuula kabla sijaota meno. Ila jina langu la ukoo ni Phiri.

Hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Babu mzaa baba alitoka Nyasaland, hiyo Malawi ya leo, enzi za mkoloni. Alikuja kuendesha trekta kwenye ule mradi wa karanga wa Kongwa. Mradi ukafa, wenzake wengi wakafungasha wakarudi kwao. Yeye alikuwa ameshampata bibi yangu. Akabaki.

Baba akazaliwa Mlali na akafia Mlali. Na mimi hivyo hivyo, ukiondoa hilo la kufa.

Sasa mimi nina digrii ya ualimu, Kiswahili na Historia. Nilimaliza chuo nikakaa mtaani miaka sita nasubiri ajira. Nimefundisha tuition Dodoma mjini, nimeuza zabibu za Hombolo stendi, kuna kipindi nimesimamia saluni ya kiume wakati kunyoa kwenyewe sijui.

Mwaka huu jina likatoka. Ilikuwa Jumanne.

Wife alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Masharti yalikuwa kuripoti kituoni ndani ya siku kumi na nne, ukiwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Usiporipoti, nafasi anapewa mwingine.

Na mimi namba sikuwa nayo.

Najua mtasema msomi mzima unakosaje namba. Nilijaza fomu zamani sana, nikapigwa picha, nikaweka na alama za vidole. Kila nikifuatilia naambiwa taarifa zangu bado zinahakikiwa. Mwisho nikazoea. Hata laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la mke wangu. (Ushauri wa bure: usifanye hivyo. Kila tukikwaruzana ananikumbusha kuwa naongea kwa hisani yake.)

Kesho yake, Jumatano, nikawahi gari la kwanza la Kongwa kwenda ofisi ya vitambulisho.

Nikapelekwa kwa mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Kondoa, amejitanda vizuri, miwani puani, sauti ya chini kabisa. Humu nitamwita Mama Rehema.

Akafungua faili langu. Akaomba cheti cha kuzaliwa cha baba, sina. Karatasi yoyote ya babu, sina. Cheti cha mama, sina. Mama alifariki nikiwa bado sijajua kusema, na enzi hizo nani kijijini alikuwa na cheti.

Akaniuliza, kwa upole tu, "Kwa hiyo wewe ni raia wa wapi?"

Wakuu, damu ilinichemka.

Mimi nina ugonjwa mmoja, nao ni asili ya maneno. Nikisikia neno lazima nijue limetoka wapi, limepitia wapi, nani alilileta. Wife anasema ningekuwa nafuatilia namba yangu kama ninavyofuatilia maneno, tungeshakuwa na nyumba.

Basi nikamshushia darasa pale pale.

Nikamwambia mama, hilo neno raia lenyewe ni la Kiarabu, na kwenye mzizi wake kuna kuchunga mifugo. Raia ni wale wanaochungwa, kundi la malisho, na mtawala ndiye mwenye fimbo. Nikamwambia hata Mtanzania ni jina la juzi, limetokana na kuunganisha Tanganyika na Zanzibar, babu yangu aliingia nchi hii halijawahi kutamkwa na mtu yeyote.

Nikamwambia neno langu mimi ni mwananchi. Mwana wa nchi. Na mwana haombwi karatasi na mama yake.

Nikamalizia, "Mimi sio mbuzi, mama. Mimi ni mwananchi."

Kwenye benchi nyuma yangu kuna jamaa akaguna "eeeh" ya kuunga mkono. Nikavimba kichwa.

Mama Rehema akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza.

"Hilo neno nimelisoma madrasa, Kondoa, wewe hujazaliwa," akasema. "Mwalimu, umelishika nusu. Kinachochungwa hakiulizwi. Anayeulizwa ni yule aliyekabidhiwa kukichunga. Sasa mimi wewe sikuulizi tena. Nenda kaniletee aliyekuchunga."

Akamwita mtu mwingine.

Nilitoka pale naona aibu, lakini kichwa kigumu hakijifunzi mara moja. Nikaenda kufanya wanachofanya wasomi wote, nikakusanya mihuri.

Siku mbili nilizunguka kama mgombea. Mwalimu mkuu wa shule niliyosoma akaniandikia. Diwani akaniandikia. Mwenyekiti wa mtaa ninaokaa Dodoma akaniandikia, tena na kusifia kwamba nahudhuria misiba.

Ijumaa nikarudi na bahasha imenona.

Mama Rehema akasoma barua moja moja bila haraka. Kisha akazipanga vizuri, akanirudishia. Akaniambia mihuri yote hiyo imenikuta nikiwa mkubwa. Yeye anataka mtu aliyemjua baba yangu kabla baba hajaanza kutembea, na aliyenijua mimi hivyo hivyo.

Akasema Jumanne atakuwa Mlali kuhakiki watu wengine, ofisi ya kijiji, kuanzia saa nne. Nimlete hapo. Nikimkosa, faili litapelekwa juu, na huko juu hawezi kuniahidi ni wiki ngapi.

Nikahesabu. Jumanne ilikuwa siku ya nane kati ya zile kumi na nne.

Na mtu wa namna hiyo aliyebaki hai Mlali nzima alikuwa mmoja tu. Mzee Ndahani.

Wakuu, kwa mzee Ndahani nilikuwa sijakanyaga miaka kumi.

Ngoja niwaeleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha uzi wote. Nawaomba msinitukane sana, nimeshajitukana mwenyewe.

Kwetu Ugogoni mtu mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa, wengine anawaweka kwa rafiki. Ugonjwa ukiingia zizi hili, wa kule wanapona. Wewe uliyewekewa unawachunga kama wako. Unakamua maziwa, unachukua samadi, lakini ndama ni wa mwenyewe. Akifa hata mmoja, ngozi unaitunza unampelekea mwenyewe aione kwa macho yake, asije akadhani umekula.

Na siku mwenyewe akija kuwachukua, haji akaswaga tu na kuondoka. Anakuja, anakaa, anakula, analala. Asubuhi mnaingia zizini pamoja, na anakuachia mtamba mmoja, jike changa ambalo halijazaa. Hiyo ndiyo asante. Haijaandikwa popote, na hakuna Mgogo asiyeijua.

Babu yangu hakuwa na zizi, alikuwa mtu wa trekta. Ng'ombe wake wa kwanza alimweka kwa baba yake mzee Ndahani. Wakazaliana hapo miaka yote, kwa babu, kwa baba, mpaka kwangu.

Na sio ng'ombe tu. Mama alipofariki, baba alikuwa fundi wa matrekta, leo yuko huku kesho kule. Mtoto mchanga utamfunga kwenye usukani? Nikawekwa hapo hapo kwa mzee Ndahani. Nimelala na watoto wake, nimechunga na watoto wake, na fimbo nimekula sawa na watoto wake.

Baba akafariki nikiwa kidato cha sita. Nikachaguliwa chuo. Ada hakuna.

Nikaenda kwa mzee Ndahani na mnunuzi na lori, saa sita mchana. Mnunuzi ana haraka, injini hata haijazimwa. Mzee akaniambia nikae, ugali uko jikoni. Nikasema, "Nina haraka, babu."

Nikapakia ng'ombe wanne. Sikuacha mtamba. Sikula. Sikukaa hata kwenye kigoda.

Alisimama pale mlangoni pa zizi, fimbo mkononi. Nikiwa ndani ya lori nikajiambia ni mali yangu, nina haki, mambo ya zamani haya.

Chuoni nikasoma sana mila na desturi, nikapata alama za juu. Halafu nikija Mlali napita njia ya nyuma ya kanisa, ile ndefu, nisipite kwake. Miaka kumi nimepita njia ile. Nilikuwa naona aibu kiasi cha kutembea dakika arobaini za ziada kwenye jua la Kongwa.

Nakuja, wife ananiita nikachukue mkaa.

...

Nimerudi wakuu. Naona wengine mmeshaanza kunishambulia. Endeleeni, nastahili.

Jumamosi nikaenda. Safari hii nikapita njia ya mbele.

Nikamkuta zizini, bomba la dawa ya kupe mgongoni, amevaa jezi ya mpira iliyopauka, namba kumi. Umri ule, ukimwona anavyowazungukia ng'ombe, utadhani kweli anacheza namba kumi.

Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Nikaongeza na shikamoo, kwa usalama zaidi.

Akaitikia. Akaniangalia kidogo tu. Halafu akanipa kamba iliyomfunga dume moja jeuri, akaendelea kupuliza dawa.

Nilishika ile kamba kama saa nzima. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba radhi tangu kwenye gari, mazuri kabisa, yenye utangulizi na hitimisho. Dume likanikanyaga kiatu, kile kile nilichokinunua kwa ajili ya kuripoti kazini. Maneno yote yakapotea.

Tulipomaliza tukakaa kula. Ugali wa uwele na mlenda. Nilikula wakuu, nilikula mpaka bibi wa pale akacheka akasema mjini kumbe kuna njaa.

Nikamweleza mzee habari za ajira, za namba, za Mama Rehema. Za lori sikuweza. Kila nikitaka kuanza nachovya tonge jingine.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, "Jumanne saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne.

Akasema atatoka na ng'ombe kwanza, halafu atakuja.

Nikalala hapo. Nilipanga asubuhi nimwambie lile la lori kabla ya chochote. Nimeamka, mzee ameshatoka na kundi zamani. Jumatatu vile vile. Nikaanza kujiuliza huyu mzee ananikwepa au ndivyo alivyo. Na mimi nani wa kumlaumu mtu kwa kukwepa.

Hofu yangu mjue haikuwa kwamba atadanganya. Hofu yangu ni kwamba atasema ukweli. Atasimama mbele ya afisa na watu wote aseme huyu kijana alikuja kwangu kama mnunuzi wa mnadani, na wageni ndio wanaofanya hivyo. Na hapo ningejibu nini?

Jumanne saa nne niko ofisi ya kijiji. Mama Rehema mezani, pembeni yake mtendaji wa kijiji, kijana mdogo tu wa rika la wanafunzi wangu wa tuition. Watu kama kumi na tano kwenye mabenchi.

Saa nne na nusu, mzee hayupo.

Saa tano, hayupo. Nikamtumia wife meseji, "Hajaja." Akajibu, "Atakuja." Sijui alijuaje.

Waliokuwa mbele yangu wakaisha. Mama Rehema akaangalia saa yake mara mbili, akamimina chai.

Saa tano na nusu mzee Ndahani akaingia, jezi ile ile namba kumi, fimbo mkononi, matope mpaka magotini. Akasema ng'ombe mmoja aliingia korongoni. Hakuomba samahani kwa yeyote, akakaa.

Mama Rehema akamsalimia kwa adabu, akamuuliza kama ananifahamu. Akasema ananifahamu. Akamuuliza baba yangu alizaliwa mwaka gani.

"Miaka siijui," mzee akasema. "Ng'ombe nawajua."

Mtendaji akacheka kidogo. Mama Rehema hakucheka. Akamwambia basi amwambie hao ng'ombe.

Wakuu, nilichokisikia pale sijawahi kukisikia chuoni.

Mzee alianza na ng'ombe wa kwanza wa babu yangu, jike jekundu lililovunjika pembe, wakiliita Pembemoja. Akasema Phiri alilileta kwao akiwa bado anakaa kwenye vibanda vya wafanyakazi wa karanga, na yeye Ndahani alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Ndama wa kwanza wa Pembemoja alizaliwa matrekta bado yananguruma. Wa pili ni Mabaka, na wiki aliyozaliwa Mabaka ndiyo wiki mke wa Phiri alijifungua Petro. Petro ndiye baba yangu.

Akasema anakumbuka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea mzazi maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu, na mara moja aliyanywa njiani akachapwa.

Ndama wa tatu wa Pembemoja alikufa, baba yake mzee akampelekea Phiri ngozi. Wa nne alizaliwa matrekta yameshanyamaza. Na bendera ilipobadilishwa, Mabaka mwenyewe alikuwa ameshazaa mara tatu.

Mama Rehema alikuwa anaandika, mkono wa pili anahesabu kwa vidole. Baba alizaliwa miaka kadhaa kabla ya uhuru, hapa hapa, kwa mama mwenyeji.

Mzee hakusimama. Mtoto wa Mabaka ni nani, mjukuu wake ni nani, yupi alikufa mwaka wa njaa, yupi alikwenda kwenye mahari ya mama yangu. Huyo aliitwa Kijivu. Mdogo wake Kijivu alimzaa Nyota masika yale niliyozaliwa mimi, na mama alipofariki, maziwa niliyokunywa mimi yalikuwa ya mama yake Nyota.

Hilo la maziwa sikuwahi kulijua. Nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza kwenye benchi la ofisi ya kijiji, na bahasha ya mihuri mapajani.

Mtendaji alikuwa ameacha kucheka. Amefungua mdomo.

Mama Rehema akauliza kama kuna maandishi yoyote ya huyo Petro. Mzee akasema alibatizwa siku moja na mdogo wake yeye, kitabu kiko kanisani. Mtendaji akadakia, akasema kitabu walishakiangalia wiki iliyopita, hakuna Phiri hata mmoja.

"Mnatafuta Phiri wa nini?" mzee akasema. "Aliandikwa kwetu. Ng'ombe wao wako kwetu, mtoto ataandikwa wapi?"

Akatumwa mtu kanisani. Kitabu kikaja kimefungwa kwa kitambaa. Na kweli, jina la mdogo wake mzee liko juu, na chini yake, kwa wino ule ule, Petro, jina la bibi yangu kama mama yake, na boma la baba yake mzee Ndahani.

Mimi nilidhani imekwisha. Kumbe Mama Rehema alikuwa na swali moja tena.

Akavua miwani. Akamuuliza mzee, huyu kijana mwenyewe, kwa jinsi alivyo leo, mnamhesabu wenu au mnamhesabu mgeni?

Nikaishika ile bahasha ya mihuri kwa mikono miwili.

Mzee Ndahani akageuka akaniangalia. Tangu Jumamosi hakuwa ameniangalia vile.

"Huyu alikuja na lori," akasema. "Akapakia ng'ombe wanne, hakula chakula changu."

Nikainamisha kichwa nikaangalia kile kiatu kilichokanyagwa. Nikajua ajira imekwenda, na kusema kweli wakati ule ajira haikuwa kinachoniuma zaidi.

"Siku ile mtamba mmoja wa uzao wa Nyota alibaki korongoni," akaendelea, taratibu tu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Akarudi jioni, lori limeshaondoka. Nikasema huyu wa kwake, atamfuata. Ameshazaa. Wako watano sasa. Wawili walikufa, ngozi zao ziko ndani, nimemtunzia aje azione. Mgeni hawekewi ng'ombe miaka kumi, mama."

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima, mbele ya mtendaji mwenye umri wa mdogo wangu, nililia kwa sauti. Sioni haya kuandika.

Nikatoka kwenye benchi nikapiga magoti kwenye ile sakafu. Sikutoa hotuba. Nikasema tu, "Babu, nisamehe." Akanigusa begani na fimbo, akasema ninyanyuke, ng'ombe wako peke yao na mtoto mdogo huko.

Mama Rehema akavaa miwani yake akaandika kwa muda mrefu. Akamsomea mzee alichoandika, mzee akaweka dole gumba. Halafu akanigeuzia karatasi.

"Mwalimu, weka sahihi hapa," akasema. Basi.

Namba ilitoka Ijumaa. Jumatatu, siku ya kumi na nne, nikaripoti kituoni nikiwa na kiatu kimoja kimepinda.

Ila kabla ya hapo, Jumanne ile ile, nilirudi na mzee nyumbani. Akaniingiza ndani ya tembe akanionyesha ngozi mbili ukutani, zimekauka vizuri, zimekunjwa. Akanieleza moja baada ya nyingine, huyu alikufa kwa ugonjwa gani, huyu masika gani. Nikamwambia babu, ungezitandika tu ukalalia, nani angekuuliza. Akanishangaa kabisa, kama nimesema kitu cha kihuni.

Nikala. Nikalala. Asubuhi tukaingia zizini pamoja, kama inavyotakiwa. Nikamwambia achague mtamba wake.

Mzee wangu hakuona haya hata kidogo. Akazunguka mara mbili, akachagua yule bora kuliko wote, akampiga piga mgongoni, akasema huyu mimi nilikuwa nimeshampenda zamani. Tulicheka mpaka bibi akatoka nje kuangalia kuna nini.

Wanne waliobaki nimewaacha pale pale. Wa kuwapeleka wapi? Kwetu ni pale.

Sasa hivi nafundisha sekondari moja wilaya ya jirani. Likizo na mwisho wa mwezi nikipata nafasi nakwenda Mlali, napita njia ya mbele. Mzee nimemnunulia jezi mpya ya timu yake, akaivaa siku moja, akarudia ile ya zamani, anasema ng'ombe hawamjui kwenye mpya.

Wiki iliyopita kidato cha pili wakaniuliza asili ya neno raia, kwenye mada ya maneno ya mkopo. Nikawaambia linatoka kwenye kuchunga. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono, akasema mwalimu, kwa hiyo sisi ni mifugo? Amekasirika kweli kweli, nikajiona mimi mwenyewe.

Nikamwambia akae, tuendelee na nusu ya pili. Nikawasimulia habari za Pembemoja na Mabaka mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyetoka.

Nilichojifunza ni hiki, na kila mtu achukue kinachomfaa. Nilikuwa nalichukia neno raia kwa sababu nilikuwa naiona fimbo tu. Sikuwa naona kwamba anayechunga ndiye anayekesha, ndiye anayeingia korongoni, ndiye anayetunza ngozi aje aulizwe. Mimi nilijiita mwana wa nchi kwa mdomo, na nchi yenyewe ilikuwa mzee mmoja mwenye jezi namba kumi niliyekuwa namkwepa kwa kupita nyuma ya kanisa.

Bado naipenda asili ya maneno. Ila siku hizi nikijua neno limetoka wapi, nauliza na limekaa kwa nani.

NB: Laini ya simu nimeshaisajili kwa jina langu. Wife amenuna siku mbili, anasema nimeanza kiburi.

Uwanja ni wenu wakuu. Wenye namba zilizokwama waseme zimekwama kwa sababu gani. Wagogo wenzangu mnirekebishe pale nilipokosea mila. Wenye kutukana watukane, lakini kwa zamu.

Ila kabla hujaandika chochote, kama aliyekuchunga bado yuko hai na kuna njia unapita ili msikutane, mpigie kwanza. Comment zitakusubiri.